MBU NAO WANAPANDA MLIMA

Mombo ni mji mdogo katika Mkoa wa Tanga. Uko kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Ukishuka hapo, joto linakupokea. Wauza machungwa wanakimbilia madirisha ya mabasi. Karibu na mji yapo mashamba ya mkonge, na mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa maji. Nyuma yake milima ya Usambara imesimama kama ukuta.

Hapo ndipo tunapoanzia safari yetu ya mwezi huu. Tunakwenda Lushoto. Si mbali, ni kilomita 33 hivi tu, lakini njia yote ni ya kupanda. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko mita 1,400 hivi.

Nilipata nafasi dirishani. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja, amepakata chandarua kipya ndani ya mfuko wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda Lushoto? Basi toa koti lako mapema. Tukifika Soni utalitafuta."

Alisema kweli. Gari lilipanda, likazunguka kona, likapanda tena. Dereva alipiga honi kila kona, na kona za njia ile hazihesabiki. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo. Migomba ilianza kuonekana, kisha mashamba ya mboga kwenye miteremko. Upepo wa dirishani ukawa baridi. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa sababu ya baridi hiyo Wajerumani walijenga mji wao Lushoto, wakauita Wilhelmstal.

Nilimwuliza bibi chandarua kile kinakwenda wapi.

"Nyumbani kwangu," alijibu. "Zamani tulivicheka vyandarua. Tulisema ni vya watu wa bondeni. Mimi mwenyewe nilifunika miche ya kabichi kwa chandarua, kuku wasiile."

"Na sasa?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza habari za mwanawe. Ni mtu mzima, baba wa watoto watatu. Wakati wa masika alishikwa na homa. Nyumbani walidhani ni mafua, wakamchemshia majani. Siku ya nne akaanza kuweweseka. Walimpakia kwenye pikipiki, mmoja akamshika kwa nyuma, wakampeleka zahanati. Huko alitobolewa kidole, damu ikapimwa. Ilikuwa malaria kali.

"Alikuwa ameshuka Mombo?" niliuliza.

"Hata usiku mmoja hakulala bondeni."

Hesabu ya siku

Habari hii inahitaji maelezo. Mbu peke yake hana malaria. Huipata anapomwuma mgonjwa. Vijidudu vya malaria huingia tumboni mwa mbu pamoja na damu. Huko lazima vikomae kwanza, ndipo mbu aweze kumwambukiza mtu mwingine.

Kukomaa huko kunategemea joto. Mahali penye nyuzi 25 za sentigredi, vijidudu hukomaa kwa siku 12 hivi. Penye nyuzi 20, vinahitaji siku 28 hivi. Penye nyuzi 18, vinahitaji zaidi ya siku 50. Lakini mbu mwenyewe ni nadra kuishi mwezi mzima. Basi mahali penye baridi mbu hufa kabla vijidudu havijakomaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga ya watu wa milimani. Baridi ilikuwa chandarua chao.

Tazama tena hesabu hiyo. Kutoka nyuzi 18 mpaka 20 ni nyuzi 2 tu. Wewe na mimi huenda tusizisikie mwilini. Lakini siku zinapungua karibu nusu.

Na joto linaongezeka. Dunia nzima imepata joto zaidi ya nyuzi 1 kuliko ilivyokuwa miaka ya 1850 hadi 1900. Sababu kubwa ni hewa ya ukaa itokayo katika makaa ya mawe, mafuta ya petroli na gesi, vinavyochomwa viwandani na katika magari. Ukataji wa misitu unaongeza. Sehemu kubwa ya hewa hiyo imetoka katika nchi tajiri. Bibi yule wa Soni hana kiwanda, wala gari.

Mwaka 2014 wataalamu walitangaza uchunguzi wao wa milima ya Ethiopia na Colombia. Waliona kwamba katika miaka ya joto, malaria hupanda juu zaidi mlimani. Mwaka 2023 wengine walichunguza kumbukumbu za mbu wa malaria katika Afrika, tangu mwaka 1898 hadi 2016. Waliona kwamba mbu hao walipanda juu kwa wastani wa mita 6.5 kila mwaka.

Sisemi kwamba kila homa ya mlimani imeletwa na joto. Watu hupanda na kushuka kila siku, na malaria husafiri nao. Tena, katika Tanzania ugonjwa huu umepungua. Mwaka 2007-08, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa, 18 walikuwa na malaria. Mwaka 2022 walikuwa 8. Vyandarua, vipimo na dawa mseto vimefanya kazi hiyo.

Lakini mtu wa mlimani ana hatari yake. Mtu aliyekulia bondeni ameumwa malaria mara nyingi, na mwili wake umezoea kupigana nayo. Mtu mzima wa mlimani hana mazoea hayo. Malaria humwangusha kama inavyomwangusha mtoto. Naye hajiulizi kama ni malaria. Anangoja, kama mwana wa bibi alivyongoja siku nne. Alipona, lakini palima hakulima msimu ule.

Soni

Tulifika Soni. Koti nilikuwa nimekwisha kulivaa. Bibi alisimama, akashika mfuko wake.

"Mwanangu, hiki kinafungwaje? Nyumba yangu haina dari."

Nilimwambia akitandaze kwanza kivulini siku moja, si juani. Kisha agongee misumari minne ukutani, juu ya pembe za kitanda, na kukifunga kwa kamba. Usiku achomeke kingo zake chini ya godoro pande zote.

"Misumari ninayo," alisema, akashuka.

Gari likaendelea kupanda kwenda Lushoto.