Sifuri Niliyoitoa

Ilikuwa kozi ya kalkulasi, mwaka wa kwanza, jaribio la pili. Nilikusudia kuwauliza wathibitishe kwamba jumla ya mfululizo ikiwa na kikomo, namba zake hukaribia sifuri. Kwa haraka zangu nikaligeuza swali: namba zikikaribia sifuri, thibitisha kwamba jumla ina kikomo. Hilo si kweli.

Karibu darasa zima "walithibitisha". Nami, nikisahihisha usiku kwa usingizi, nikawapa alama. Mmoja tu aliandika: "Haiwezekani." Chini yake akaweka 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4, akaendelea, akizigawa namba katika mafungu ambayo kila moja halipungui nusu, kwa hiyo jumla haikomi kukua. Nilimpa sifuri.

Jina lake nililijua. Ndiye aliyesinzia kila kipindi cha saa moja asubuhi, kiti cha nyuma kabisa. Nilikwisha kumhesabu miongoni mwa wavivu.

Siku tatu baadaye alibisha hodi ofisini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umekuja kuomba alama?"

"Hapana, Dokta. Naomba unioneshe nilipokosea."

Nikasoma swali langu. Nikalisoma tena. Nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza tangu wiki ya kwanza: kwa nini unasinzia? Alikosa mkopo. Usiku alishusha magunia ya vitunguu soko la Ilala, alfajiri akaja darasani.

Kipindi kilichofuata nilikiri kosa mbele ya darasa na kulifuta swali lile. Walinung'unika. Kijana nilimwomba awaongoze wenzake katika mazoezi ya Jumamosi, nikamlipa kidogo kutoka mfukoni, akapunguza usiku wa magunia. Nilimwazima vitabu, tukawa tunabishana hadi walinzi wanatufungia jengo.

Alama zake zilipanda, ila zile za mwaka wa kwanza hazikufutika. Alimaliza na GPA ya 3.6. Kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi kulihitaji 3.8. Niliandika barua mbili, hazikusaidia. Leo anafundisha hisabati sekondari, na mwaka huu wanafunzi wake wawili wamo darasani kwangu. Mmoja anakaa nyuma. Wiki ya kwanza nilimfuata, nikamuuliza analala wapi na anakula nini.

Na nikikutana na jibu lisilofanana na mengine, kabla sijashika kalamu nyekundu, narudi kusoma swali langu.