Shimo la Mirihi lililomnyima mwanangu usingizi

Wiki tatu zilizopita nilimwonyesha mwanangu wa miaka 6 picha kwenye simu: kreta ya Gale, katika sayari ya Mirihi. Upana wake ni kilomita 154. Nikamwambia ukitoka Dar es Salaam unaipita Chalinze na bado uko ndani ya shimo. Nilidhani nimemfurahisha.

Akauliza nani alilichimba. Nikasema hakuna, lilianguka jiwe kubwa kutoka angani.

Usiku ule alihamia kitandani kwetu. Uliofuata pia. Wa tatu akauliza, "Mama, la kwetu litaanguka lini?"

"Hakuna kitu, lala."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeshaandika zaidi ya mara moja kwamba usimwambie mtoto sindano haiumi, maana ikimuuma kesho hatakuamini. Halafu kwangu nasema hakuna kitu! (Bibi yake naye alitaka kujua nani alinituma kumwonyesha mtoto mambo ya angani usiku.)

Jumamosi tukaanza upya. Nikamweleza kuwa lile jiwe lilianguka zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, na shimo bado linaonekana kwa sababu siku hizi Mirihi hakunyeshi mvua ya kulifukia. Hewa ya kule ni nyepesi mno. Yetu ni nzito, vijiwe vingi vikiingia vinaungulia huko huko juu.

"Vyote?"

Hapo ndipo ulimi ulitaka kuteleza. Nikasema hapana, kimoja kiko hapa hapa Tanzania, kimondo cha Mbozi, kina urefu wa mita kama 3 na karibu chote ni chuma. Kilianguka zamani sana, na watu huenda kupiga nacho picha. Mawe makubwa kama la Gale ni nadra mno, na wapo wataalamu wanaoyatafuta kwa darubini.

Akanyamaza muda mrefu. Nikamwambia pia kuwa ndani ya Gale kuna mlima wa zaidi ya kilomita 5, kwamba zamani palikuwa na ziwa, na kwamba tangu 2012 gari la Wamarekani lisilo na dereva, Curiosity, linazunguka humo likitoboa miamba.

"Likipata pancha?"

Magurudumu yake ni ya alumini, hayajazwi upepo. Ila mawe yameshayatoboa, na hakuna fundi wa kuyaziba. Hilo lilimsikitisha kuliko kimondo.

Sasa analala kwake. Kitanda tumekisogeza mbali na dirisha, alivyotaka mwenyewe, na bado kiko hapo.