Niliandika "Mkulima", Nikaita Mwingine

Leo silete habari ya watu wengine. Ni kosa langu mwenyewe.

Kabla ya kuanza kazi hii ya habari, nilisaidia katika biro moja iliyoandikisha watu wanaotafuta kazi, wengi wao wakimbizi wa ndani kutoka Djugu. Fishi ilikuwa na mistari minne: jina, umri, masomo, kazi. Kila mtu nilimpa dakika mbili, na nilijisifu kwa mwendo huo.

Siku moja alikaa mbele yangu mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mama, diploma iko?"

"Iliungua pamoja na nyumba."

"Na kazi?"

"Tulikuwa tunalima tu."

Nikaandika mkulima, nikaita mwingine.

Baada ya wiki mbili, depo moja ya chakula ikatafuta mtu wa kupima magunia na kushika daftari. Tulipekua fishi zote, tukajibu hatuna mtu. Kumbe yule mama alikuwa amepima maharagwe ya kikundi chao miaka sita, akiandika kila kilo na kulipa watu bila ugomvi! Nilijua hayo kwa bahati, sokoni, alipokuwa akiniuzia sombe. Sikuwa na uso wa kumwangalia.

Nilimweleza mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupokea watafuta kazi kwa miaka mingi. Akaniambia: "Mwanangu, mtu aliyepoteza vyote, hata kazi yake anaiita 'tu'. Usimuulize alisoma nini kwanza. Muulize siku yake ilikuwaje, tangu alfajiri mpaka usiku."

Nilijaribu. Kijana wa pikipiki, kumbe anafungua injini nzima na kuirudisha. Jambo lingine nililijifunza peke yangu: hapa kwetu Ituri, ukianza na "unatoka kijiji gani?", mdomo unafungwa. Mtu anafikiri unatafuta kabila lake. Swali hilo nililiacha mwisho, na nikaeleza kwanza linaandikwa kwa sababu gani.

Mwaka 1948, huko San Francisco, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba namba 88. Unasema huduma ya serikali ya kutafutia watu kazi iwe ya bure, na wafanyakazi wake wafundishwe vya kutosha. Mimi nilifundishwa asubuhi moja, namna ya kujaza fishi. Basi mkiombwa pesa mbele ya meza kama ile, ulizeni ni ya nini kabla ya kutoa.

Yule mama nilimrudia. Kazi ya depo ilikuwa imekwisha kwenda, na sikumwahidi nyingine. Tulijaza fishi yake upya, saa nzima. Mistari minne haikutosha, tukaendelea kuandika nyuma ya karatasi.