Fundi wa tovuti lazima awe mchoraji?

Hivi fundi wa tovuti ni lazima awe na kipaji cha uchoraji? Swali hili limenizunguka kichwani wiki nzima, leo nimeona nilitue hapa.

Limeletwa na jamaa yangu tuliyesoma naye chuo. Yeye alichukua kompyuta, mimi nikaangukia kwenye magazeti. Mpe mfumo wa malipo au wa matokeo ya shule, atautengeneza na hautakwama. Lakini mwezi uliopita alinyimwa kazi aliyokuwa akiitegemea kulipia pango, eti kurasa zake "hazina mvuto." Sasa anasema bora aachane na fani hii, maana hata kuchora nyumba na mwembe darasa la tatu kulimshinda.

Mimi nasema asiache.

Hebu tuangalie chumba cha habari. Mimi sipangi kurasa. Kazi hiyo ina mwenyewe, msanifu kurasa, na siku akiumwa ofisi nzima inajua. Hata hivyo, hakuna mhariri atakayenivumilia nikisema mambo ya ukurasa hayanihusu. Ni lazima nijue kwamba jambo zito linakaa juu, kwamba aya ndefu inachosha, na kwamba kichwa cha maneno 15 hakiingii kwenye safu moja. Hayo hayahitaji kipaji. Yanahitaji kumfikiria msomaji.

Tovuti nazo zina historia ya namna hiyo. Kurasa za kwanza za Tim Berners-Lee kule CERN, mwaka 1991, zilikuwa maandishi na viungo tu. Mwaka 1994 Mnorwe Håkon Wium Lie akapendekeza CSS, lugha ya kupanga mwonekano pembeni ya yaliyomo, na Desemba 1996 W3C ikaipitisha. Kwa hiyo tangu zamani sura na yaliyomo vimeweza kushikwa na watu wawili tofauti. Mwaka 2011 vijana wa Twitter wakatoa bure Bootstrap, ambayo ina vitufe, fomu na safu zilizokwisha kupangwa. Asiyejua kuchora ana pa kuanzia.

Lakini jamaa yangu naye asijifiche hapo. Mwongozo wa W3C wa mwaka 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hiyo ni hesabu, na hesabu anaiweza. Kijivu hafifu juu ya nyeupe hakisomeki kwa abiria wa daladala saa saba mchana, jua linapiga kioo cha simu. Kitufe kidogo kuliko kidole gumba ni usumbufu. Kosa lililoonyeshwa kwa rangi nyekundu tu, bila neno, halimsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Halafu kuna wale wanaosema, "nileteeni mchoro, mimi nitatekeleza." Mchoro mara nyingi huonyesha siku njema. Je, jina la mteja likiwa refu? Mtandao ukikatika katikati ya malipo? Mapengo hayo huishia mikononi mwa fundi, apende asipende, na hapo ndipo mteja anapojua kama pesa yake imekwenda au imebaki.

Najua ugumu uliopo. Kwetu biashara ndogo inalipa mtu mmoja, na inataka huyo huyo awe fundi, mchoraji, mpiga picha na ikiwezekana mwandishi wa maelezo. Ushauri wangu kwa jamaa ni huu: ajifunze misingi ya usomekaji, na kazi ikihitaji urembo, atafute mchoraji wagawane malipo.

Nanyi mnaotoa kazi, kabla hamjauliza kama ukurasa una mvuto, mpeni mama mwenye simu ya kawaida autumie kulipia kitu. Akimaliza bila kuuliza mtu, huyo fundi mwajirini.