Mchezo wa Miadi

Mambo madogo ya nyumbani aghalabu hayapewi nafasi katika insha. Waandishi hupenda kuandika juu ya elimu, haki, upendo na mauti. Nani atapoteza wino kwa bilauri ya maji au kwa saa mbili za mchezo wa watoto? Hata hivyo sehemu kubwa ya umri wa mzazi hupita katika mambo hayo, na mtu akikaa ugenini na watoto huyaona kwa jicho ambalo wenyeji hawana haja nalo. Naandika haya katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, ambako mume wangu na mimi tumelea watoto wawili kwa miaka minane sasa. Mimi nilizaliwa na kulelewa Ngamiani, Tanga.

Nianze na bilauri. Mzazi wa huku hatoki nyumbani bila bilauri yake ya chuma, yenye mpini ubavuni na mrija juu. Ile iliyo maarufu kuliko zote huchukua zaidi ya lita moja, nayo ina mdomo mpana na kitako chembamba ili iingie katika kishimo cha kuwekea vinywaji garini. Ina kuta mbili, na baina ya kuta hizo hapana kitu, hata hewa. Joto hukosa njia ya kupitia, na barafu iliyotiwa asubuhi hukutwa jioni. Uvumbuzi huu si mpya. James Dewar alitengeneza chupa ya namna hiyo London mwaka 1892, apate kuhifadhi gesi alizozigeuza kuwa maji kwa baridi kali. Hakuomba hataza, na Wajerumani wakaifanya bidhaa mwaka 1904 kwa jina la Thermos. Mwaka 1913 Mmarekani William Stanley akaitengeneza kwa chuma badala ya kioo, na jina lake ndilo lililoandikwa katika bilauri ninayoieleza. Bilauri yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 2016, ikakaribia kuachwa mwaka 2019, ikaokolewa na wanawake wachache wa Utah walioinunua kwa wingi na kuwauzia wenzao. Mwaka 2023 gari la mwanamke mmoja liliungua, naye akawaonyesha walimwengu bilauri yake imo garini nzima, na barafu ndani yake; mkubwa wa kampuni akaahidi kumnunulia gari jingine. Baada ya hapo hakuna binti wa shule ambaye hakuitaka.

Sisi tuliujua uvumbuzi huo kwa jina la chupa ya chai. Ilikuwa na maua ubavuni, ikakaa juu ya meza ikisubiri wageni, na mtoto aliyeigusa bila ruhusa alijua atakachokipata. Chupa ile ilitunza joto kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Bilauri hii hutunza baridi kwa ajili ya aliyeishika.

Jambo la pili ndilo lenye uzito. Kwetu halikuwa na jina, kwa sababu lenyewe halikuwapo. Mtoto wa Ngamiani akisha kunywa chai hutoka. Mama yake hajui aliko kwa saa ile, lakini barabara nzima inajua ni wa nani. Akianguka huinuliwa na mtu wa pale alipoangukia, akitukana huadhibiwa na mtu wa pale alipotukania, na adhuhuri ikimkuta kwa watu hula kwa watu. Huku mchezo una miadi. Wazazi huandikiana kwa simu siku nyingi kabla: Jumamosi ya wiki ijayo, saa 8 hadi saa 10 alasiri, kwenu au kwetu? Mtoto akiwa mdogo, mzazi hukaa naye muda wote, akinywa kahawa asiyoitamani na kuzungumza na mtu asiyemjua. Afikapo miaka mitano au sita huja daraja ya pili: mzazi humfikisha mtoto mlangoni, husema maneno mawili matatu, huenda zake. Wapo wanaoingoja daraja hiyo kama mfungwa angojavyo kufunguliwa, maana katika saa mbili hizo watapata kufua, kununua chakula, au kulala. Siwalaumu. Wengi wao hawana mama, shangazi wala dada katika mji wanaoishi.

Wako wageni wenzangu wasemao kwamba desturi hii ni kiburi. Mimi naona sababu nyingine. Nyumba zimeachana, barabara ni ya magari, theluji hukaa miezi, wazazi wote wawili wamo kazini. Na mtoto aonekanaye peke yake njiani aweza kumletea mzazi wake polisi. Jimbo la Utah lilitunga sheria mwaka 2018 kutamka kwamba kumwachia mtoto mwenye akili za kutosha atembee kwenda shule, au acheze nje peke yake, si kumtelekeza. Nilipomsimulia mama yangu habari hiyo kwa simu, aliniuliza kama iko pia sheria ya kuruhusu kuku watoke uwani.

Baadaye mama alikuja kukaa nasi miezi mitatu, akayaona mwenyewe. Rafiki wa binti yangu aliposhushwa mlangoni kwetu alikuwa na biskuti zake mfukoni na bilauri yake mkononi. Mama akamletea maji katika glasi juu ya sahani, kama apewavyo mgeni wa heshima, hata akiwa na umri wa miaka sita. Mtoto akashukuru kwa adabu, akainua bilauri kuonyesha kwamba anayo. Mama akarudi jikoni na maji yake.

"Mwanangu," akaniambia usiku, "mgeni amekuja na maji ya kwao. Kwani kisima chetu kina nini?"

Nikamweleza habari za karanga: kwamba wako watoto ambao chembe yake huweza kuwaua, na kwamba sheria ya huku huwalazimu watengenezaji wa vyakula kutaja aina 9 za vitu vya hatari katika karatasi ya nje, na ya tisa, ufuta, imeongezwa tangu mwaka 2023. Mama, aliyepika na kuuza kashata miaka ishirini, alisikiliza kwa huzuni. "Basi mama yake angeingia," akasema, "tukaulizana."

Kuulizana kupo, na huko ndiko kuliko na mtihani. Kabla ya kumleta mtoto wake, mama yule aliniandikia maswali: Mna mbwa? Mna bwawa la kuogelea? Je, nyumbani kuna bunduki, na kama ipo, imefungiwa? Hakuyabuni. Tangu mwaka 2000 iko kampeni, ikiungwa mkono na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, ya kuwahimiza wazazi waulize swali hilo la mwisho kila mtoto aendapo kucheza kwa watu. Uchunguzi wa Pew wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 10 wa nchi hii, 4 hivi huishi katika nyumba yenye bunduki. Katika jimbo letu msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huchukua siku 9 za Novemba, na kwa familia nyingi ni kama sikukuu.

Kwa adabu tulizofunzwa, kumwuliza mtu ana nini chumbani mwake ni kukosa haya. Lakini swali lile halikunichukiza. Sisi pia tuna yetu: hatuli nguruwe, na zile peremende laini wazipendazo watoto mara nyingi huwa na gelatini yake, huwaambia wenyeji kila mara, nao hupokea kwa wema. Tena nalikumbuka baraza letu. Hatukuulizana kwa kuwa tulijua: nyumba ipi ina mbwa mkali, kisima kipi hakina kifuniko, mjomba yupi asiachiwe mtoto wa kike. Hili la mwisho tulilijua, na mara nyingi tulilinyamazia. Sifa za ujirani wetu ni za kweli, nami nazitamani kila siku. Lakini wako watoto walioulipia ukimya ule, na mtu asifuye zamani bila kuwataja hao anasifu nusu ya habari.

Ikafika zamu yetu ya kupeleka. Niliuliza. Mama yule akanijibu bila kusita kwamba mume wake ana bunduki tatu za kuwindia, zimo katika kasha la chuma, ufunguo anao yeye, na risasi ziko mahali pengine penye kufuli lake.

Mume wangu akasema asiende. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kujibu: kufuli hufungwa na mwanadamu, na mwanadamu husahau. Nikamwambia kwamba mtoto wa Wisconsin asiyekwenda ila kwa wasio na bunduki atacheza peke yake mara nyingi, tena namwamini zaidi aliyejibu wazi kuliko kumi ambao hatukuwauliza. Tukabishana hadi usiku. Mama, ambaye hakuwa amesema neno, akasema, "Nendeni mkalione hilo kasha."

Jumamosi tukaenda, mama na mimi. Kasha lilikuwa chini ya nyumba, la rangi ya kijivu, refu kama kabati. Mwenye nyumba akavuta mpini, nami nikauvuta, haukutikisika. Binti yangu na mwenzake walikwisha potea ghorofani. Tukaaga.

Hatukurudi nyumbani. Nilisimamisha gari mwisho wa barabara, mahali ambapo paa la nyumba ile laonekana, tukakaa hapo saa mbili na theluji ikidondoka. Mama alikuwa amejitilia chai ya tangawizi katika bilauri yangu. Alipofika kitakoni akakiri kwamba ingali moto.

"Ungekuwa Ngamiani," akasema, "saa hizi umelala."

"Ningekuwa Ngamiani, mama, ungekuwa wewe unayelinda."

Akacheka, akatazama lile paa.

Saa 10 tulimchukua binti yetu. Bilauri yake ilikuwa imejaa kama tulivyompa. Bibi yake akamwuliza kama hakuona kiu. Akajibu kwamba alipewa maji kule, katika glasi yenye picha ya samaki. Mama hakusema kitu, ila jioni ile alinitaka niandike katika simu kwamba Jumamosi ijayo tunamwalika mama, si mtoto peke yake. Mama yule alipofika alisema ana haraka, gari lake linanguruma nje. Mama akamwekea kiti, akafungua chupa ya chai. Gari lilizimwa baada ya dakika tano, na mgeni akakaa saa moja na nusu.