Maganda ya Vitunguu: Pasaka ya Walatvia

Maandalizi ya Pasaka katika nyumba ya Kilatvia huanzia kwenye kapu la vitunguu. Wiki kadhaa kabla ya sikukuu, maganda makavu ya nje hayatupwi. Hukusanywa mfukoni na kuwekwa jikoni mpaka yatoshe. Maganda hayo ndiyo rangi. Pasaka, ambayo Walatvia huiita Lieldienas, huangukia mwishoni mwa Machi au ndani ya Aprili, wakati mashamba yangali na tope la theluji iliyoyeyuka na bustani haina ua la kuchuma. Vitunguu vya mavuno ya mwaka uliopita havikukosekana, kwa mwenye nacho wala kwa asiye nacho.

Yai bichi hulowanishwa, hubandikwa majani madogo au punje za nafaka, hufunikwa kwa maganda, kisha hufungwa kwa kitambaa chakavu na kuzungushiwa uzi hadi kila kitu kishikamane. Mafurushi hayo hupangwa katika sufuria yenye maganda mengine na kuchemshwa taratibu. Harufu inayopanda si ya mchuzi, maana hakuna kinachokaangwa: ni harufu kavu, yenye uchungu kidogo, na huganda kwenye mapazia hata baada ya sufuria kuoshwa. Uzi ukikatwa, yai hutoka likiwa la kahawia, la rangi ya kutu au la manjano iliyokolea, na pale jani lilipokaa pamebaki umbo lake pamoja na mishipa yake. Hakuna mawili yanayofanana. Yai hupakwa mafuta kidogo ili ling'ae. Soksi ndefu za nailoni zilipoenea, ile iliyotoboka ilichukua nafasi ya kitambaa, na ukweli ni kwamba ilibana jani vizuri zaidi.

Siku ya Pasaka mayai hugonganishwa mezani, ncha kwa ncha, na ambaye yai lake halikupasuka huambiwa ataishi miaka mingi. Anayekula yai bila chumvi huhesabiwa kuwa atasema uongo mwaka mzima. Wiki moja kabla ya hapo, Jumapili ya Matawi, aliyewahi kuamka huwachapa waliolala kwa vijiti vya pūpoli, matawi yenye vichipukizi laini kama manyoya, huku akiwatakia afya. Watoto hulipenda jambo hili kuliko wazazi wao.

Desturi nyingine zilikuwa za nje ya nyumba. Kabla ya jua kuchomoza watu walinawa uso katika kijito kinachotiririka kuelekea mashariki, na ndege walifukuzwa kwa kelele ili mwewe asisumbue vifaranga kiangazi. Vijana wa kiume walijenga pembea, mara nyingi kwenye mwaloni. Wasichana waliobembezwa waliwalipa kwa mayai, na hata kwa glavu walizofuma wenyewe. Aliyebembea hangeumwa na mbu kiangazi kizima; aliyepaa juu zaidi, kitani cha shamba lake kingerefuka. Sikukuu ikiisha, pembea ilichomwa moto ili wachawi wasije kuitumia.

Mengi ya haya yamehifadhiwa katika nyimbo fupi za kienyeji, ambazo Krišjānis Barons alizichapisha kati ya 1894 na 1915, zaidi ya 217,000. Miaka hiyo ni ya uchapaji tu. Nyimbo zenyewe hazisemi zilitungwa lini, na kuzilazimisha zitaje karne ni kazi bure.

Chini ya utawala wa Kisovieti, Pasaka iliondolewa kwenye kalenda ya sikukuu na Jumatatu yake ikawa siku ya kazi. Kwenda kanisani kungeweza kumharibia mtu kazi au masomo. Lakini yai la kuchemsha ni chakula, na ganda la kitunguu ni takataka. Nani angemshuku mama kwa sufuria yake? Waliokimbia utawala huo mwaka 1944 waliibeba desturi hiyo hadi kambi za wakimbizi za Ujerumani, kisha Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Huko Australia Pasaka huja majani yakipukutika na kiangazi kimekwisha, kwa hiyo pembea inamkinga mtu na mbu ambao tayari wamekwisha kumuuma.

Uhuru uliporudi, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zikawa tena siku za mapumziko. Kikarudi kila kitu, na kingine kisichoombwa. Madukani kuna ukanda wa plastiki wenye picha: unavishwa yai, unachovywa kwenye maji ya moto, unajibana, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Mayai yote hutoka sawasawa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Sungura wa chokoleti amejaa rafu nzima. Pembea nazo zimehamia viwanja vya miji na Makumbusho ya Wazi ya Ethnografia, kando ya ziwa Jugla jijini Riga, ambako familia hupanga foleni kubembea. Na kwa walioacha kuweka akiba, maganda ya vitunguu sasa huuzwa yakiwa tayari kwenye mifuko.