MWENYEKITI, UPO AU UMEKALIA KITI TU?

Leo nataka tuzungumze kidogo juu ya hawa watu tunaowaita viongozi. Usishtuke, siingii kwenye siasa. Nawazungumzia wa kwetu huku mitaani: mwenyekiti wa mchezo wa kupeana, kapteni wa timu ya chandimu, mkubwa wa kijiwe, mweka hazina wa kamati ya harusi. Pengine na wewe ni mmoja wao.

Hebu nenda kwenye kikao chochote Jumapili jioni ujionee. Mwenyekiti kakaa mbele, kiti chake kina mto, simu mkononi. Jicho moja kwa wajumbe, jicho jingine kwenye WhatsApp. Mtu anaeleza shida yake, yeye anaitikia "ndiyo, ndiyo" huku kidole kinapandisha picha. Mwisho anatangaza kwamba wote wamekubaliana. Wamekubaliana au wamechoka?

Mimi huu ni mwaka wa pili naongoza mchezo mtaani kwetu, Mwananyamala. Tuko 15. Kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja anaondoka na 150,000. Kwa wenye nazo hivyo ni vijisenti, lakini kwetu hiyo ni kodi ya chumba, ni mtaji, ni sare na madaftari ya mtoto. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake, anayepokea mwisho ndiye aliyewakopesha. Kwa hiyo ukimtoa mtu katikati ya mzunguko, ujue umeshika jasho lake.

Mzunguko uliopita, wiki ya tisa, moto uliwaka. Mwenzetu mmoja, dada anayepika chapati, alikuwa amechelewesha mchango mara tatu mfululizo. Zamu yake ilikuwa ya 12, na tayari alikuwa ameshaingiza 80,000 bila kupokea hata senti. "Atoke huyo, atatuharibia! Chake atarudishiwa mzunguko ukiisha!" konda wetu akafoka, na watu wanne watano wakamuunga mkono. Wengine kimya. Dada mwenyewe kimya, anachezea pindo la khanga.

Sasa kikao chetu kina taratibu zake. Simu zote zinaingia kwenye kapu, ya kwangu ikiwa ya kwanza. Hatukai kama darasani, tunakaa duara kwenye mkeka. Fundi viatu wetu sikio la kushoto halisikii, hivyo mimi nakaa kulia kwake. Akikaliwa vibaya hachangii neno, anabaki kucheka tu wengine wakicheka. Na mwenyekiti ni wa mwisho kusema.

Siku ile nikaomba waanze wale ambao hawakuwa wamefungua mdomo. Ilipofika zamu ya dada nikamwambia, "Dada, tunakusikiliza," kisha nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka konda akakohoa. Sikukijaza. Mwishowe akasema, "Kaka mwenyekiti, mimi siku hizi chapati zangu nawapelekea mafundi ujenzi. Wao wanalipwa Jumamosi jioni. Nyie mnakusanya Ijumaa."

Basi, hivyo tu! Mtu alitaka kufukuzwa kwa sababu ya tofauti ya siku moja, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Tukahamishia makusanyo Jumapili. Muuza mitumba akanung'unika, maana yeye mzigo wake hufuata Jumamosi. Tukakubaliana kwamba zamu yake ikifika tutamkusanyia mapema. Dada hakuchelewa tena, na wiki ya 12 akachukua chake kama wenzake. Konda mpaka leo anadai tunawadekeza watu. Mwacheni aseme, na yeye ni mjumbe.

Kuna na kazi ya pili, ambayo haina watu wa kukupigia makofi. Usiku wa kikao nikirudi ghetto nachukua daftari najiuliza mambo matatu. Nani leo hakusema? Nani alisema akakatizwa? Na je, uamuzi niliuingia nao kichwani, au nimeupata mle ndani? Dakika kumi zinatosha. Wiki inayofuata najua nianze na nani.

Usidhani haya ni mambo ya wazungu na semina zao. Mwalimu Nyerere aliachia Uwaziri Mkuu Januari 1962, uhuru ukiwa na wiki chache tu, akamwachia Rashidi Kawawa. Yeye akaingia mikoani kuimarisha TANU, akarudi Desemba mwaka huohuo kuwa Rais. Katikati ya mwaka huo ndipo alipotoa kijitabu chake cha Tujisahihishe, ambamo aliwaonya wanachama juu ya tabia ya kupima hoja kwa kumwangalia anayeisema. Hebu fikiria, mtu ameshika nchi changa mkononi, anaona ni lazima atoke kitini kwanza ili aione vizuri!

Mandela naye, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1994, ameeleza alivyokuwa akimtazama mlezi wake, Chifu Jongintaba, kwenye mabaraza ya Wathembu. Kila mwanamume aliyetaka kusema alisema, mkubwa kwa mdogo, na chifu akishafungua kikao hakunyanyua tena mdomo mpaka karibu na mwisho. Ila wanawake hawakuhesabiwa kwenye mabaraza yale, na Mandela mwenyewe hakulificha hilo. Ndiyo maana nasema kila duara lina aliyeachwa nje, kazi yako ni kumtafuta.

Najua yupo atakayesema, "Bwana wee, hiyo inachelewesha." Ni kweli, inachelewesha. Nyumba ikiwaka moto usiitishe kikao, chota maji. Lakini mambo mengi ya vikundi vyetu si moto. Ni pesa, ni zamu, ni heshima ya mtu, na haya ukiyaamua haraka utayarudia mara tatu.

Kwa hiyo wewe kapteni, wewe mwenyekiti, wiki hii jaribu. Weka simu mbali. Mwangalie usoni anayesema. Mwite yule wa karibu na mlango, na akinyamaza mvumilie. Wazee walisema ukubwa jaa, kila mtu atakutupia lake. Sasa jaa gani lile linalokwepa? Tumezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi naongeza langu: mkuu asiyesikia la mdogo, huwavunja guu wenzake.

Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.